Mkwaruzo wa Wimbo wa Tatu

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, na atakayekuta humu uongo hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, aje nyumbani anivute masharubu. Nimeyafuga makusudi kwa shughuli hiyo. Najua mtaani wananiita Mzee Chumvi, ila hilo ni jina la wivu. Mtu akistaafu akaanza kuandika, majirani hawakosi la kusema.

Tuanze na Mpelelezi. Ni mdogo wa mke wangu, kwa hiyo mimi humwita Shemeji, na kazini kwake, kwenye kitengo cha polisi cha kupambana na utapeli, wenzake humwita Afande. Ni mwanamke mfupi, sauti ya upole, hanywi chai mpaka ipoe kabisa. Nasikia aliwahi kumkamata tapeli kwa kusikiliza tu anavyotafuna karanga. Nasikia? Nilikuwepo. Karanga nilizikaanga mimi.

Jumamosi ile hakuja kufanya upelelezi. Alikuja kumsindikiza dada yake, ambaye Jumatatu angelazwa kukatwa uvimbe kooni. Uvimbe wenyewe si wa kutisha, daktari alisema, ila sauti itakayobaki baada ya kisu hawezi kuiahidi. Ndiyo maana nyumba nzima ilikuwa mbioni. Mke wangu alitaka kumwachia mjukuu, ambaye bado yumo tumboni mwa mkwe wetu, nyimbo tatu za kubembelezea. Mbili aliwatungia watoto wetu walipokuwa wadogo, mmoja wa kaka mtu, mmoja wa dada mtu. Wa tatu aliutunga juzi juzi, kwa ajili ya huyo ajaye. Koo likimruhusu, angeweza kuimba asubuhi kidogo na mchana kidogo. Asubuhi ilikuwa imeshaharibika. Jumapili, kwa amri ya daktari, angenyamaza kutwa nzima. Ulibaki mchana ule mmoja.

Mpelelezi aliweka mkoba chini, akaona macho ya mpwa wake yamevimba.

“Nani kafa?”

“Kompyuta, mama mdogo,” alisema binti yetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda. “Haijafa. Afadhali ingekufa.”

Kitinda ndiye mwenye studio. Chumba cha kaka yake aliyehama amekigeuza mahali pa kurekodia: vipande vya godoro ukutani, mablanketi dirishani, katikati maiki juu ya mguu wake, na mbele ya maiki soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye hanga la waya ili kuzuia pumzi za msemaji. Humo hurekodi matangazo na vitabu vya kusikiliza, na riziki inaingia. Kompyuta yenyewe, lile boksi lenye feni, haimo chumbani kwa sababu inavuma. Iko nje, koridoni, ndani ya kabati la shuka, na nyaya zake zimepita katika tundu la ukutani. Tundu nililitoboa mimi kwa pigo moja la nyundo. Jirani alitoka nje na watoto akidhani ni tetemeko.

“Niwekee nisikie,” alisema Mpelelezi.

Kitinda akabonyeza. Sauti ya mke wangu ikajaa chumbani, laini, karibu kabisa, kama vile amekaa ukingoni mwa kitanda chako. Ubeti wa kwanza ukapita. Katika ubeti wa pili ikaanza: krr. Krr-krr. Kama mtu anayefungua karatasi ya peremende msibani. Kisha sauti ikakatika, ikaruka neno zima, ikarudi mbele ya safari.

“Kila mara ni hapo?”

“Kila mara ni wimbo huu. Zile mbili za mwanzo zinaingia safi. Tukifika huu wa mtoto, kompyuta inalemewa.” Kitinda alionyesha kijistari pembeni mwa skrini. “Hiki kikipanda mpaka kwenye nyekundu, ndiyo inakwaruza.”

Mpelelezi alivuta kiti. Kompyuta hazijui, na hakuona haya kusema hivyo. Watu ndio anaowajua, kwa hiyo aliuliza kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya kupanga.

“Humo ndani wanaishi nani? Dada anapoimba, nani wengine wanakuwa kazini?”

“Kuna mlinzi wa virusi. Yule ana tabia ya kugonga milango yote kwa wakati mmoja. Nimemlaza. Intaneti nimeikata. Vikorombwezo, mwangwi na nini, nimeviondoa vyote, anaimba mkavu.”

“Ghala limejaa?”

“Diski iko nusu tupu.”

“Nyaya?”

“Nimebadilisha. Halafu kuna bakuli.”

“Bakuli gani tena?”

“Sauti haipiti moja kwa moja, mama mdogo. Kompyuta inaikinga kwenye bakuli, likijaa inamimina. Bakuli likiwa dogo, inabidi imimine haraka haraka. Ikichelewa, sauti inamwagika. Huo mkwaruzo ndiyo sauti iliyomwagika. Nimeongeza bakuli mpaka limekuwa pipa. Bado.”

“Joto?”

“Nililifikiria la kwanza. Tukimaliza tu naenda kufungua kabati. Feni inazunguka vizuri, vumbi hakuna, nimelipuliza juzi.”

“Mkimaliza tu,” alirudia Mpelelezi. “Yaani unaruka kutoka kwenye kiti?”

“Hapana. Namvua mama hedfoni, nampa maji ya uvuguvugu, tunasikiliza tulichopata, tunalia kidogo. Halafu ndiyo naenda.”

Mpelelezi alimpangusa mpwa wake shavu kwa kidole gumba, akatoka.

Mke wangu alikuwa sebuleni, shali shingoni, kikombe mkononi. Siku ile kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, kila mtu kajifunga. Mdogo wake alikaa karibu naye, magoti yakagusana.

“Dada, nijibu kwa kichwa. Ukishindwa ndiyo useme. Huwa unaanza na zile za watoto?”

Akaitikia kwa kichwa.

“Kwa nini, na zilishaingia vizuri?”

“Koo haliamki bila hizo.”

“Umewahi kuanza na wa mjukuu?”

“Jana.” Alimeza mate kwanza. “Ulitoka safi. Mimi ndiye niliyekwama mwishoni, sauti ilikuwa bado ya usingizini.”

“Wa tatu ukawa upi?”

“Huo wa kaka mtu.”

“Nao?”

Mke wangu akakunja uso. “Kitinda alisema umekwaruza. Tukaona ni bahati mbaya tu.”

Hapo, nakuapieni, nywele za Mpelelezi zilisimama zikasukuma kilemba juu vidole viwili. Basi kimoja. Kumbe kosa halikuwa la wimbo. Wimbo wowote ungesimama mahali pale ungekwaruza.

“Huyu kompyuta wenu hana nia mbaya,” alisema polepole. “Huyu anachoka. Anaanza na nguvu, halafu kitu kinamchosha.” Akamshika dada yake mkono. “Chumbani mnakuwa nani?”

“Mimi na Kitinda. Mzee nimempiga marufuku.”

“Kakosa nini?”

“Ananiangalia.” Mke wangu alicheka bila sauti. “Ananiangalia kama mtu aliyeko stendi na basi limeshawashwa. Nikiona yale macho maneno yote yananitoka.”

Sasa nifike kwangu, maana shahidi muhimu hawezi kurukwa. Mpelelezi alinikuta jikoni, nimevaa fulana, nimetulia, mtu ambaye dhamiri yake haina hata kumbikumbi.

“Shemeji, asubuhi wakati dada anaimba ulikuwa wapi?”

“Hapa hapa, nakata vitunguu. Huoni macho yalivyoiva?”

“Nayaona. Una wazo lolote kuhusu mkwaruzo?”

“Wazo? Ninao ushahidi! Mashine zinaogopa sauti nzuri. Ghalani nilikofanya kazi tulikuwa na mashine ya kujumlisha hesabu, karani mmoja akipiga mluzi tu, inakosea. Akipiga mluzi wa huzuni, inatoa badala ya kujumlisha. Mwisho bosi akampa likizo ya kudumu, yule karani si mashine.”

“Pole yake. Wewe huoni baridi?”

“Damu yangu moto, Shemeji. Kuna mwaka mvua haikukatika, nguo za nyumba nzima nilizikausha kwa kuzivaa.”

Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayepokea hesabu kamili. Kisha akafunua sufuria iliyokuwa jikoni, akachungulia, akafunika. Akanusa ubao wa kukatia. Akaenda zake.

Baadaye alituita wote chumbani. “Tunarudia tukio,” alisema. “Kila kitu kama asubuhi, ila dada apumzike. Ataimba Kitinda.”

Binti yangu anajua kurekodi sauti za wenzake, yake Mungu alimpa ya kuitia mbuzi. Aliimba zote tatu, akarudia zote tatu. Mimi niliruhusiwa kukaa sakafuni, kwa kuwa aliyenipiga marufuku siye aliyeimba, na nilivumilia kiume. Kile kijistari pembeni mwa skrini kililala chini muda wote. Hakuna mkwaruzo hata wa dawa.

“Haiwezekani!” Kitinda alivua hedfoni. “Mimi nimeimba mara mbili zaidi!”

“Kwa hiyo akiimba mama inachoka, ukiimba wewe haichoki,” alisema Mpelelezi. “Vitu vyote vya humu ndani vimebaki vile vile. Kilichobadilika ni nini?”

“Mwimbaji,” nilisema, “kama nilivyowaambia. Yule karani…”

“Mwimbaji, ndiyo. Na kingine.” Hakunitazama. “Haya, sasa zamu ya dada.”

“Mama mdogo, hapana!” Kitinda alisimama. “Ana mara moja tu iliyobaki. Ikiharibika, basi.”

“Namjua dada yangu, na koo lake nalijua. Shemeji, wewe rudi kwenye vitunguu vyako. Mlango tunaufunga.”

Nikatoka. Na hapa naomba nieleweke vizuri: nilikwenda jikoni, nikakaa jikoni, nikabaki jikoni. Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa.

Nasimuliwa kwamba mlango ulipofungwa, Mpelelezi alimnong'oneza mpwa wake, na Kitinda badala ya kurekodi akaitoa ile sauti ya asubuhi kwenye spika, kwa nguvu ya mtu anayeimba kweli. Mke wangu alikaa kimya kwenye kiti, akijisikiliza. Mpelelezi akaangalia kijistari. Wimbo wa kwanza, kiko chini. Wimbo wa pili, kimeanza kupanda taratibu, kama mgonjwa anayepanda ngazi. Akavua viatu. Akafungua mlango taratibu, usilie hata kidogo.

Koridoni alimkuta mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa mzee wa makamo, si mnene ila wa kutosha, mwenye masharubu ya kupendeza. Sitamtaja. Alikuwa amepiga magoti, sikio ameligandisha ukutani karibu na tundu la nyaya, macho kayafumba, machozi yanaingia kwenye hayo masharubu bila kupanguswa. Pembeni yake kabati la shuka lilikuwa wazi, na ndani yake, badala ya kompyuta, kulikuwa na furushi. Sweta nzito ya kijivu ilikuwa imeizunguka ile kompyuta mikono imefungwa fundo, juu yake blanketi la kitoto, na juu ya blanketi mto.

“Shemeji,” alisema Mpelelezi kwa upole, “vitunguu vinaendeleaje?”

Basi, yule mtu ni mimi. Mngejua tu.

Kitinda alitoka mbio, akaona furushi, akapiga yowe la mtu aliyekuta mtoto kisimani. Alifumua blanketi, akafumua sweta, akaweka kiganja juu ya boksi na kukirudisha upesi.

“Baba! Umeiziba pumzi! Ikipata joto inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana haiwahi kumimina! Siku zote hizi? Siku zote hizi ni wewe?”

“Na ulikuwa ukifumua nyimbo zote zinapoisha,” Mpelelezi aliendelea, “wakati yeye anamvua mama yake hedfoni. Akifika, kabati liko kama kawaida na wewe jikoni. Nilikosa jambo moja tu, mtu aliyevaa fulana kwenye baridi hii sweta yake iko wapi. Kwa upande wa vitunguu, kwenye sufuria kulikuwa na chai, na ubao haujaguswa tangu jana.”

Nilisimama, magoti yakalia. “Nisikilizeni. Feni ile inavuma vibaya mno. Mimi nikiwa jikoni naisikia inavyopita ukutani, inaelekea kwenye maiki kama nyuki. Nikasema, mama watoto anaacha sauti yake humo, halafu mtoto asikie nyuki? Nilikuwa nailinda rekodi. Mlinzi gani anashtakiwa kwa kulinda?”

Nilisema vizuri. Kitinda alishaanza kulegea, akasema, “Jamani, baba,” na akanivalisha sweta yangu, yenye moto kama mkate. Hata Mpelelezi alitazama chini. Nilikuwa nimeshinda kesi.

Ndipo mke wangu akatokea mlangoni. Hakuwa amesema neno tangu sebuleni.

“Feni haisikiki humu ndani,” alisema. “Siku ya kwanza kabisa Kitinda aliipima mbele yako. Wewe mwenyewe ndiye uliyeshangilia.”

“Nilishangilia, ndiyo, lakini upepo wa siku hizi…”

Akainua kiganja. “Mume wangu. Nina sauti ya mara moja tu. Usinifanye niimalizie kwenye mabishano.”

Feni ikawa inavuma peke yake ndani ya kabati, kwa sauti ya kawaida kabisa, wala haikuwa ya nyuki.

“Ilikuwa inanifanya nisikusikie,” nilisema. “Hapo ukutani. Nikiifunika, nakupata vizuri.”

Ni hayo tu.

Kitinda aligeukia ukutani. Mpelelezi akavaa viatu vyake, akawa anafunga kamba kwa muda mrefu, na viatu vyenyewe havikuwa na kamba. Mke wangu alinitazama, akanitazama tena.

“Afande,” alimwambia mdogo wake, “mtu akikamatwa hivi kwenu anafanywaje?”

“Faini, dada. Anaipanga aliyekosewa.”

“Basi aingie ndani. Akae mbele yangu, pale pale ninapomwona.”

“Nitakusahaulisha maneno,” nilisema.

“Umeusikiliza kila siku ukutani, unaujua kuliko mimi. Nikisahau utanikumbusha.”

Hatukungoja joto limalizike lenyewe. Mpelelezi, mtu mzima na cheo chake, alichukua sinia jikoni akasimama koridoni anaipepea kompyuta mpaka Kitinda akasema inatosha. Mlango ukafungwa. Nikawekwa kwenye kigoda, magoti kwa magoti na mke wangu, maiki kati yetu. Nikakatazwa kukohoa, kupenga, na kufikiri kwa sauti.

Akaimba ule wa kaka mtu. Akaimba ule wa dada mtu. Kijistari hakikutikisika. Akanywa maji, akanitazama, akaanza wa mjukuu.

Ubeti wa kwanza safi. Wa pili, mahali penyewe pa mkwaruzo, tukashika pumzi wote, ukapita kama mkono juu ya hariri. Sauti yake ilikuwa imechoka kidogo pembeni, ikazidi kuwa nzuri. Akaingia ubeti wa mwisho:

*Lala, giza si la kuogopa,*
*lala, ukiamka…*

Akanyamaza.

Hakuwa amesahau. Nilimwona usoni. Neno lililofuata ni *nitakuimbia*, na lilikuwa limekaa pale pale mdomoni, halitoki. Alikuwa amelitunga kabla daktari hajasema alichosema. Kitinda, nyuma ya skrini, hakugusa kitu, akaacha irekodi kimya. Macho ya mke wangu yalikuwa kwangu, yananidai.

Mimi nimeongea maisha yangu yote. Nimewahi kumsimulia askari wa barabarani mpaka akasahau kosa langu. Pale nilidaiwa neno moja tu. Sauti yangu mnaijua, ile aliyorithi Kitinda. Na neno lile lilikuwa ahadi. Atakayeliimba yeye ndiye atakayelitimiza.

Nikafungua mdomo nikaliimba.

“*Nitakuimbia.*”

Lilitoka kama mlango wa banda. Mke wangu akafumba macho, akapumua, akaliimba nyuma yangu, mara ya pili, mpaka mwisho. Kitinda akasubiri kimya kitulie, akabonyeza, akavua hedfoni polepole.

“Imeingia,” alisema. “Yote. Hakuna hata krr moja.” Akanitazama kwa huruma. “Nikate hapo kwa baba? Haitajulikana.”

Mke wangu alitikisa kichwa. Alikuwa ameshamaliza kusema kwa siku ile. Akaninyooshea kidole kifuani, akakipeleka kwenye maiki, akanifanyia ishara ya mkono: tena, tangu mwanzo, zote tatu, wewe. Ile ahadi niliiimba mimi, na mtoto asingesubiri koo lipone.

Mlango ulifunguka, Mpelelezi akaingia na sinia lake kwapani, akakaa sakafuni kungojea. Kitinda akavuta maiki mpaka kwenye masharubu yangu. Nikauliza kama faini hii haina rufaa. Wanawake watatu wakatikisa vichwa.

Nikajipasha koo, nikaanza na ule wa kaka mtu.